Bado Hatujavuka Mnazi Mmoja

Kila tukikutana kusomeana hadithi, Mhindi wetu ni yule yule: yuko dukani nyuma ya kaunta, anahesabu pesa, anasema "Kuja kesho." Tunacheka. Na mimi nimemwandika, sijitoi. Lakini hebu tuulizane, wenzangu: huyu ana mama? Anamwogopa nani? Jioni akifunga duka anakula nini? Hatujui, maana hatujawahi kumfuata ghorofani.

Ujinga huu una ramani yake. Dar es Salaam ilipangwa hivyo, Wajerumani wakaanza, Waingereza wakakazia: Uzunguni kando ya bahari, Uhindini katikati ya mji, Uswahilini Kariakoo. Sheria za Waingereza zilitaja aina ya majengo, si rangi ya mtu. Lakini nani angeruhusiwa kusimamisha nyumba ya udongo Oyster Bay? Viwanja vya Mnazi Mmoja vikaachwa wazi, Uhindini huku, Kariakoo kule. Uhuru ukaja 1961. Mwaka 1971 majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 yakataifishwa. Majumba yalibadili mwenyewe; kalamu zetu zimebaki upande ule ule.

Je, wa upande wa pili wametuona sisi? Soma Uhuru Street cha M. G. Vassanji, kilichotoka kwa Kiingereza mwaka 1991. Huyu kakulia Dar, na Wahindi wake wanapumua kweli: wanaona haya, wanagombana, wanapenda. Katika hadithi ya "Breaking Loose", msichana wa Kihindi, Yasmin, anavutwa na mwalimu wa chuo kikuu, Mwafrika, na nyumbani kwao panachafuka. Safi sana. Lakini bwana huyo katoka wapi? Ghana! Yaani ili apatikane Mwafrika wa kukaa naye meza moja, hadithi imevuka bara badala ya kuvuka barabara.

Simsuti Vassanji. Yeye angalau kajaribu. Sisi hata huyo Mghana hatuna.

Wala sisemi tuandike hotuba za umoja, hizo zimetuchosha. Nasema hadithi yako ijayo impandishe msomaji ngazi. Kama hujui huko juu kuna nini, weka kalamu chini, nenda kapige hodi. Wakikufungulia, andika. Wasipokufungulia, rudi uandike ulivyosimama mlangoni. Hiyo nayo ni hadithi, tena bado hatujaisoma.