Mlingoti, Bati na Msumari

Liweke Jua Bungoma mjini, Neptuni uipeleke Kitale. Ukinyoosha mstari kati ya miji hii miwili bila kujali kona za barabara, unapata kilomita 70 hivi. Kwa kipimo hicho Jua lenye kipenyo cha kilomita milioni 1.39 linakuwa tufe la mita 22, refu kuliko majengo mengi ya Bungoma. Utaridi inakaa mita 900 kutoka hapo, Zuhura kilomita moja na mita mia saba. Dunia yetu, pamoja na bahari zake, Mlima Elgon na madeni yetu yote, ni mpira wa sentimita 20 ulioko kilomita mbili na mita mia tatu kutoka katikati ya mji, na Mwezi umesimama mita sita kando yake. Mirihi iko kilomita tatu na nusu. Mshtarii, yenye kimo cha kumzidi mtu mrefu, iko kilomita 12, Zohali 22. Hapo hujafika hata theluthi ya njia na sayari sita umeshazipita. Zilizobaki ni mbili tu: Urani kwenye kilomita ya 45, upande wa Kamukuywa na Kiminini, kisha ni mahindi na mahindi hadi Kitale.

Sasa panda baiskeli. Katika mfano huu mwanga wa Jua, ambao hakuna kitu kinachoupita kwa kasi, unakwenda kilomita 17 kwa saa, mwendo wa baiskeli iliyobeba abiria nyuma. Ukitoka kwenye Jua saa moja asubuhi, utafika Duniani saa moja na dakika nane, kabla jasho halijakutoka. Kitale utaingia saa tano na dakika kumi. Na ukitaka kuendelea hadi nyota iliyo jirani zaidi na Jua, Proxima Centauri, tafuta chombo kingine, kwa sababu hata baada ya kulisinyaza Jua likaenea mjini Bungoma, nyota hiyo bado iko zaidi ya kilomita 600,000 mbele, mbali kuliko Mwezi halisi tunaouona usiku.

Mfano huu hauna picha, na ndiyo maana naupenda. Aliyesoma kidato cha kwanza na kufungua kitabu cha Jiografia kwenye mada ya Dunia na mfumo wa Jua anaijua ile picha: mipira minane ya rangi imejipanga kama timu inayosubiri kupigwa picha, Jua limekatwa kipande pembeni. Kilicho kweli humo ni mpangilio tu. Simlaumu mchoraji, kwani ukiichora Dunia iwe nukta ya nusu milimita, ukurasa utahitaji urefu wa mita 176. Namlaumu anayeishia kwenye ukurasa, akakaririsha majina manane kwa ajili ya mtihani na kufunga kitabu. Mbingu imefundishwa hivyo kwa miaka mingi, kama orodha ya wakuu wa wilaya.

Ninayetaka kumsifu ni mwalimu wa aina nyingine, yule anayetoa darasa nje na kulipa kazi ya mikono. Nilimtazama mmoja katika shule ya kutwa nje ya Kitale. Kifaa chake kikubwa kilikuwa mlingoti wa bendera, ambao kila shule ya Kenya inao. Watu wengi wanaukumbuka kwa gwaride la Jumatatu na Ijumaa, lakini kwa mtu mwenye akili ya ufundi huo ni kifaa cha unajimu kilichokwisha simikwa, kimenyooka, kinasubiri Jua.

Tatizo la kivuli ni kwamba hakina ncha. Sogea karibu utazame mwisho wa kivuli cha mlingoti wa mita sita: weusi unafifia polepole kuwa weupe, na huwezi kuapa kimeishia wapi. Jua si tundu la sindano, ni duara pana, na upana huo unakoroga ncha ya kivuli kwa sentimita sita hivi. Wengi hukata tamaa hapo. Mwalimu wetu fundi alichukua kifuniko cha mkebe wa rangi, akakitoboa katikati kwa msumari wa inchi nne, akakifunga juu ya mlingoti kikiwa kimelala. Kutoka kwenye tundu akateremsha uzi wenye timazi, akaweka alama ya chaki mahali timazi ilipogusa saruji. Kivuli cha kifuniko kilipotua uwanjani, katikati yake palikuwa na duara dogo la mwanga, nadhifu, upana wa sentimita sita. Hilo halikuwa umbo la tundu. Ni Jua lenyewe, limechorwa chini, na duara likishakuwa na kingo mbili kitovu chake hupatikana.

Kilichofuata kiliwanyamazisha watoto bila mtu kuwaambia wanyamaze. Duara lilikuwa linatembea. Karibu na saa ya adhuhuri linapita sentimita mbili na nusu kwa dakika, kiasi ambacho jicho linakikamata. Kwa hiyo Dunia inazunguka, na ushahidi unatambaa juu ya saruji, unapita mguu wa mwenzako.

Adhuhuri yenyewe haiji saa sita kamili. Saa ya Kenya hufuata mstari wa longitudo 45 mashariki, unaopita karibu na Mogadishu, nje kabisa ya nchi. Kitale iko kwenye 35. Nyuzi kumi, dakika nne kwa kila moja, ni dakika 40 za kuchelewa, na Juni huongezwa mbili kwa sababu njia ya Dunia si duara kamili na mhimili wake umeinama. Tarehe 21 Juni, basi, Jua hufika juu kabisa Kitale saa sita na dakika 42. Wakati huo kitovu cha duara huwa mita 2.48 kusini mwa chaki. Desemba kinahamia kaskazini, mita 2.73. (Desemba shule zimefungwa, anayepima ni mwalimu na watoto wa jirani.) Kama Kitale ingekuwa juu ya ikweta, vipimo viwili vingelingana. Tofauti ya sentimita 25 inasema mji uko kaskazini ya ikweta kwa nyuzi moja, na hakuna ramani iliyofunguliwa.

Bungoma ni nusu ya hapo. Mlingoti wa urefu uleule ungetoa mita 2.53 Juni na 2.67 Desemba. Na hapa ufundi unapata utamu wake, kwa sababu siku moja ya Juni, walimu wawili wakipigiana simu, mmoja Kitale na mmoja Bungoma, watapata tofauti ya sentimita tano na nusu tu, sawa na nyuzi 0.45. Kutoka kusini hadi kaskazini miji hii imeachana kwa kilomita 50. Gawa 50 kwa 0.45, zidisha kwa 360, na mzunguko wa Dunia nzima unatokea ubaoni: kilomita 40,000. Msomi wa kale Eratosthenes alifanya hesabu ya namna hii zaidi ya miaka 2,200 iliyopita kati ya Aswan na Alexandria. Maji ya mto Nzoia yanayopita Webuye yanakwenda Ziwa Victoria, kisha Nile, kisha Aswan, hivyo si mambo ya ugenini sana. Ila mkono usitetemeke: ukikosea sentimita moja, Dunia yako inanenepa au kukonda kwa maelfu ya kilomita.

Swali la kwa nini sayari na Mwezi vinazunguka badala ya kutawanyika linataka chaki na jiwe. Jiwe likiachwa lianguke hushuka mita 4.9 katika sekunde ya kwanza. Mwezi uko mbali na kitovu cha Dunia mara 60 kuliko jiwe hilo. Mvutano hupungua kwa mraba wa umbali, 60 mara 60 ni 3,600, basi Mwezi unapaswa kuanguka milimita 1.36 kwa sekunde. Na ndivyo unavyoanguka, kila sekunde, huku ukikimbia pembeni kilomita moja, kwa hiyo unaikosa Dunia daima. Newton alichapisha hoja hiyo mwaka 1687. Kepler alikuwa ameshatoa kanuni za mwendo wa sayari mwaka 1609 na 1619 bila kujua sababu yake. Rudi kwenye mashamba yetu uone zinavyofanya kazi: Dunia inasogea mita 40 kwa siku kuizunguka Bungoma, na Neptuni kule Kitale, ambako mvutano wa Jua umepungua mara 900, inajikokota mita saba. Sayari hiyo iligunduliwa Berlin Septemba 1846 pale ambapo hesabu za mwanahisabati Le Verrier zilisema itafutwe, na mzunguko wake wa kwanza tangu siku hiyo uliisha mwaka 2011.

Hata uzito wetu una jambo la kusema. Mwaka 1672 mwanaastronomia Jean Richer alipeleka saa ya pendulamu kutoka Paris hadi Cayenne, karibu na ikweta, ikachelewa dakika mbili na nusu kila siku. Saa iliyorekebishwa London na kuletwa Kitale ingechelewa kiasi hichohicho. Dunia imevimba kiunoni na inazunguka, na sisi wa ikweta tunavutwa kidogo pungufu.

Najua jibu ninalopewa: shule haina darubini. Susan Murabana na wenzake wa Travelling Telescope, walioanza mwaka 2014, wanapeleka darubini kwa watoto wa Kenya, na aliyeziona pete za Zohali kwa jicho lake hasahau. Setilaiti ya Kenya, Taifa-1, iliporushwa tarehe 15 Aprili 2023 nilifurahi kama kila Mkenya. Lakini gari lenye darubini huondoka jioni, na setilaiti haionekani kutoka darasani. Mlingoti unabaki. Kwangu mimi, mwalimu anayejua kuutumia ameitumikia sayansi ya nchi hii kuliko mabango kumi ya sayari yaliyobandikwa ukutani.

Basi walimu wa Kitale na Bungoma, badilishaneni namba za simu kabla ya Juni. Shule ziko wazi, mlingoti upo, kifuniko cha mkebe hakinunuliwi. Wakatazeni watoto kulitazama Jua moja kwa moja; kazi yote iko chini, kwenye saruji. Bungoma wapime dakika mbili baada ya Kitale. Na mawingu yakiziba tarehe 21, pimeni tarehe 20 au 22, kwa kuwa siku hizo tatu Jua halihami kwa kiasi ambacho utepe wa fundi unaweza kukiona.