Wakili wa Sheria Nne

Wakili aliyefungua ofisi Thika miaka ya 1980 na angali anafika kortini amefanya kazi chini ya sheria nne za ardhi, kila moja na rejista yake na sura yake ya hati. Mashamba ya walowezi wa kahawa na mkonge yaliandikishwa kwa Sura 280 au 281 za Sheria za Kenya. Viwanja vingi vilivyokatwa baada ya uhuru vikaingia Sura 300 ya mwaka 1963. Na mteja akitaka ploti Mombasa, kulikuwa na Sura 282, sheria ya pwani tangu 1908. Kujua mahali zilipopakana hizo nne ni ufundi, na nasikitika kuuona ukichukuliwa kama ukongwe tu.

Chukua jina moja la shamba: Ruiru/Kiu Block 2 (Githunguri). Dalali huliona kama anwani. Wakili huyu hulisoma kama ukoo, kwa maana mabano yale yanataja kampuni ya wanachama iliyonunua ardhi kwa pamoja na kuwagawia wenye hisa. Anajua basi kwamba kabla ya hatimiliki palikuwa na baloti, kura ya kugawa viwanja, na kabla ya baloti palikuwa na cheti cha hisa, na kwamba ugomvi hulala humo: mwanachama aliyefariki akaacha nyumba mbili, baloti iliyouzwa kwa watu wawili, jina lililo katika sajili ya kampuni lakini halimo kwenye kadi ya kijani ya rejista ya ardhi. Kwa hiyo huitisha sajili ya kampuni kwanza, akafuatisha majina moja baada ya jingine, kisha akamtuma mpima ardhi kutafuta bikoni za mipaka, ndipo amruhusu mteja kutoa hata senti.

Watasema sheria hizo zilifutwa mwaka 2012, ya nini kuzibeba? Sheria zenyewe zilifutwa, lakini haki na makosa yaliyozaliwa chini yake hayakufutwa. Mwaka 2023 Mahakama ya Juu, katika kesi ya Dina Management na Kaunti ya Mombasa, ilikataa kumlinda mnunuzi mwenye hati mkononi, kwa kuwa mgao wa kwanza wa 1989 ulikuwa haramu. Mahakama ilidai kile kile ambacho wakili wa Thika amekuwa akikifuata siku zote: chanzo cha hati. Wengine watautaja mfumo wa Ardhisasa wa kusajili ardhi kwa kompyuta, uliozinduliwa 2021. Ni kweli umepunguza foleni, na ni kweli kwamba mwendo wa polepole wa mawakili umewagharimu maskini. Lakini kompyuta huonyesha kilichoingizwa. Haiwezi kumshuku aliyekiingiza.

Kinachouma ni wakati wenyewe. Mwaka ule ule wa 2012 sheria za kale zilipofutwa, barabara kuu ya Thika ilifunguliwa, na ardhi ya Ruiru ikaanza kuuzwa kwa haraka isiyo na subira ya kusoma. Wakili aliyeapishwa baada ya hapo hajazifanyia kazi sheria nne zikiwa hai, na miezi sita ya mafunzo ofisini haitoshi kumfundisha. Wanaoweza kumfundisha wanafunga ofisi, na kwenye mikataba ya leo ya kurasa mbili hakuna pa kuuliza baloti ilikuwa ya nani.