Dokeza: kifungu cha sheria kimenifuata hadi Mukendo

Nimelala saa nane usiku na nimeamka bado nina hamu. Tangu alfajiri, kila niliyekutana naye Barabara ya Mukendo hapa Musoma nimemshika mkono nikamwambia njoo uone hiki kitu! Kinaitwa Dokeza, jukwaa la mtandaoni la Mzalendo, wale Wakenya wanaofuatilia kazi za Bunge lao tangu 2005. Shemeji yangu wa ng'ambo ya mpaka wa Sirari alinitumia jana jioni bila hata salamu ndefu: "Fungua, utanishukuru."

Shemeji, nakushukuru.

Unafungua muswada na kushuka nao taratibu kwa kidole. Ukifika penye kifungu kinachokugusa, unaandika maoni yako hapo hapo, kwenye kifungu chenyewe. Mzalendo wanayakusanya maoni ya watu na kuyafikisha bungeni. Basi, ni hivyo tu, na mimi niliinuka kitini.

Maana nimekaa kwenye mikutano ya maoni, najua yanayotupata. Mzee anasimama, anaeleza kwa dakika kumi jambo la maana kabisa kuhusu shamba lake, watu wanapiga makofi, na kwenye daftari la mwandishi linabaki "wananchi wameomba suala la ardhi liangaliwe." Suala lipi? Liangaliwe vipi? Sheria hubadilika kwa neno. Waziri "anaweza" si sawa na waziri "atalazimika", na pale penye "au" ukiweka "na", mtu anaweza kukosa leseni. Wabunge wakiwa kwenye kamati wanapita kifungu kwa kifungu, na sauti ya mwananchi inapaswa kuwakuta hapo hapo, imekaa ubavuni mwa neno linalobishaniwa. Dokeza imeuelewa ukweli huo, na nimekuwa nikiisubiri miaka yote hii!

Kwa Wakenya kuna nguvu nyuma yake. Ibara ya 118 ya Katiba yao ya 2010 inalitaka Bunge liwashirikishe wananchi katika kutunga sheria. Sisi Watanzania nasi tunayo ibara ya 21 ya Katiba ya 1977, inayompa kila raia haki ya kushiriki kikamilifu katika maamuzi yanayomhusu. Haki ipo. Tulichokosa ni mahali pa kuandikia.

Januari 2024 Kamati ya Bunge ya Utawala, Katiba na Sheria ilikaa Dodoma kupokea maoni kuhusu miswada mitatu, ya Tume ya Uchaguzi, ya uchaguzi wa Rais, Wabunge na Madiwani, na ya vyama vya siasa. Waliofika walisikilizwa kwa siku kadhaa, na mapema Februari miswada ilikuwa imekwisha kupitishwa. Sasa toka Musoma uende Dodoma kuzungumzia kifungu kimoja: nauli, kulala, na biashara umemwachia nani? Na tusisahau kwamba mkoa huu huu ndio uliomtoa Jaji Joseph Warioba, mtoto wa Bunda, ambaye Tume yake ya Mabadiliko ya Katiba ilizunguka nchi nzima kuanzia 2012, ikapokea maoni ya watu mikutanoni, kwa barua, kwa simu na kwa mtandao. Hapa kwetu kuzungumzia sheria si ugeni.

Kilichoniondolea usingizi hasa ni lugha. Miswada niliyoifungua ya Kenya iko kwa Kiingereza, tena kile Kiingereza cha mawakili, nikawa nasoma sentensi mara tatu. Sisi tangu 2021 tumeifanya lugha ya sheria kuwa Kiswahili! Ile miswada mitatu ya uchaguzi iliandikwa kwa Kiswahili, na mwishoni mwa muswada unakuta Madhumuni na Sababu, kurasa chache ambazo mtu aliyemaliza darasa la saba anazisoma na kuzielewa. Wenzetu wametengeneza chombo, lugha tunayo sisi. Viunganishe hivi viwili, muswada wa Kiswahili wenye nafasi ya maoni penye kila kifungu, kwenye simu inayofunguka hata kwa bando dogo, halafu uniambie kama kuna Bunge duniani litakalokuwa karibu na watu wake kuliko la kwetu. Nasema hivi nikiwa na akili zangu timamu.

Saa nne asubuhi nilishuka Mwigobero nikamwonyesha mama mmoja anayeanika dagaa. Alifuta mikono kwenye kanga, akaishika simu, akaiangalia kimya.

"Na hii sheria ya uvuvi ikija kurekebishwa, naandika kwa Kiswahili changu hiki hiki?"

Nikamwambia hicho hicho. Sheria ya Uvuvi ni ya 2003, siku yake ya kurekebishwa itakuja. Akasema basi andika sasa, usisubiri. Akanitajia, nikaandika: wavuvi wote wapewe muda wa kumaliza nyavu za zamani kabla ya masharti mapya kuanza. Akataka nimsomee. Nilipomaliza akatikisa kichwa, akaniambia nifute neno "wote", niweke "wa dagaa", kwa sababu wa sangara wana nyavu zao na hawezi kuwasemea.