Sifa za Mkono Unaopima

Magari mengi ya njia mbovu yanayopita Kengeleni, Frere Town, Mombasa, hayatembelei magurudumu yaliyotoka nayo kiwandani. Hilux imevaa rimu za Prado. Land Cruiser ya zamani imevaa matairi membamba na marefu ambayo wenye Land Rover huyapenda. Suzuki ndogo imeinuliwa hata dereva hupanda kwa kushika mlango. Nyuma ya kila gari la namna hiyo yupo fundi aliyepiga magoti kando ya barabara ya Malindi, akapima, akajaribu, akafunga. Nataka kuusifu ufundi wake, na hasa sehemu yake isiyoonekana gari likishaondoka: uwezo wa kuliangalia gurudumu zuri, la bei nafuu, ambalo mteja amekwisha kulipenda, na kumwambia kwamba hili halifungwi.

Gari jipya lina watu waliokwisha kulifikiria. Kiwandani wamejua uzito wake, mwendo wake, nafasi iliyopo kati ya tairi na madigadi, na upepo unaofaa kujazwa. Wakaandika yote kwenye kibandiko cha mlangoni. Siku rimu ya gari moja inapohamia gari jingine, hesabu hiyo yote huvunjika. Hakuna kiwanda kinachoidhamini ndoa hiyo. Anayebaki kuidhamini ni mtu mmoja chini ya kibanda cha mabati, mwenye jeki, spana na futi ya mkononi.

Mali yenyewe humfikia kwa njia nyingi. Magari yaliyotumika huteremka bandarini Mombasa, mengi yakitoka Japani, kwa kuwa Kenya huruhusu yale yasiyozidi miaka minane. Mwenye gari akitaka matairi mapana huvua ya asili, na ya asili huingia sokoni. Gari lililogongwa huuzwa vipande vipande, magurudumu yakitangulia. Kwa upande wa matairi mapya, kiwanda cha Nairobi kilichoanzishwa mwaka 1969 kwa jina la Firestone, kikaja kutoa matairi ya Yana chini ya Sameer Africa, kilisimamisha uzalishaji mwaka 2016. Tairi jipya la kuingia matopeni ni ghali kwa mwalimu, mkulima au mfanyabiashara mdogo mwenye pikapu. Kwake yeye tairi la mtumba ndilo linalomwezesha kufika Garsen mvua ikiwa imenyesha.

Kazi huanza kwa kusoma. Ubavu wa tairi ni kitabu wazi, na fundi hausomi kwa kupitisha macho tu. Akiona 235/85R16 anajua upana ni milimita 235, kimo cha ubavu ni asilimia 85 ya upana huo, na rimu ni ya inchi 16. Akijumlisha, tairi zima lina kipenyo cha milimita 806 hivi. Akiona 265/70R17 anapata milimita 803. Matairi mawili yasiyofanana kwa sura wala kwa rimu, lakini kimo chake kimepishana kwa milimita tatu tu! Hesabu kama hii ndiyo inayomwezesha kumwambia mtu kwamba gari lake linaweza kuhama kutoka rimu ya 16 kwenda ya 17 na kipimamwendo kisidanganye. Kinyume chake, anayetoka tairi la inchi 31 kwenda la 33 atakuwa anakimbia karibu kilomita 85 kwa saa huku mshale ukisoma 80, na injini yake italalamika kila mlima.

Kisha anatafuta umri. Tarakimu nne mwishoni mwa msimbo wa DOT hutaja wiki na mwaka: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira huzeeka hata ukikaa bila kazi, na joto la pwani huuzeesha upesi zaidi. Fundi hulikunja tairi kwa goti, akatazama kama kuna nyufa nyembamba katikati ya meno na kwenye ubavu. Huingiza mkono ndani na kupapasa taratibu, akitafuta kiraka cha zamani, uvimbe, au uzi wa chuma uliochomoza. Mkono huo umeshika mamia ya matairi. Unatambua kilichojificha kabla ya jicho.

Hapo ndipo hukutana na mgeni wa ajabu kuliko wote, tairi la theluji. Magari yanayotoka sehemu za baridi za Japani, kama Hokkaido, mara nyingine hufika yakiwa na matairi yaliyoandikwa STUDLESS ubavuni. Meno yake huwa marefu, yamekatwa mistari mingi myembamba, na mteja akiyaona hufurahi kwa kudhani amepata mali mpya. Lakini mpira ule umetengenezwa ubaki mwororo penye barafu. Kwenye lami ya Mombasa saa saba mchana hulegea, huliwa upesi, na gari huyumba konani. Fundi hulibonyeza kwa ukucha, akasoma maandishi, akaliweka kando. Uzuri wa meno haujamhadaa.

Tairi likikubaliwa, rimu nayo ina kesi yake. Watu wengi huhesabu nati peke yake: sita kwa sita, basi zitaingia. Ni kweli kwamba Hilux, Prado, Pajero, Patrol na Ranger zote zina bolti sita kwenye duara la milimita 139.7, yaani inchi tano na nusu. Lakini tundu la katikati la rimu ni hadithi nyingine. La Hilux lina milimita 106. La Ranger lina 93, na la Pajero za toleo la tatu kwenda mbele lina 67. Rimu ya Pajero hiyo ikiletwa kwenye Hilux, bolti zitalingana na habu itakataa. Wapo wanaotia grainda na kulipanua tundu, na kila kipande cha aluminiamu kinachoanguka chini ni sehemu ya nguvu za rimu.

Bolti tano zina hila zaidi, kwa sababu hakuna mbili zinazotazamana. Huwezi kuweka futi ukavuka katikati. Fundi aliyefunzwa vizuri hupima kutoka katikati ya bolti moja hadi katikati ya jirani yake, kisha huzidisha kwa 1.7. Akipata milimita 88 anajua ni duara la 150, la Land Cruiser 100. Akipata 97 anajua ni la 165, la Land Rover Defender. Huenda hakuwahi kufundishwa darasani kwa nini hesabu hiyo inakubali. Ameirithi kwa aliyemtangulia, akaihakiki kwa kazi. Hiyo ni elimu, na inastahili kuitwa elimu.

Nati nazo zina tabia zake. Rimu nyingi za chuma hukaza kwa nati yenye kichwa cha koni. Rimu nyingi za aluminiamu za Toyota hutaka nati yenye shingo ndefu na washa bapa. Ukitia koni mahali pa bapa, nati itagusa ukingo mwembamba tu wa tundu. Itaonekana imekaza, na baada ya kilomita kadhaa za makorogo itaanza kulegea. Uzi wa nati wa Nissan ni mwembamba kuliko wa Toyota, ingawa mara nyingi bolti za pande zote mbili zina unene wa milimita 12. Anayelazimisha kwa spana ndefu huua bolti. Fundi wetu huianza kila nati kwa vidole, na vidole vikigoma, spana haiguswi.

Baada ya hapo huja swali la gurudumu kukaa ndani au nje. Rimu ikikaa ndani mno, tairi husugua springi, au rimu yenyewe hugusa kalipa ya breki. Ikitoka nje mno hupendeza picha, lakini mzigo wote huelemea beringi, na usukani huwa mzito na kurushwarushwa na mashimo. Kwa hiyo fundi hamalizi kazi gari likiwa limesimama sawa. Hugeuza usukani hadi mwisho kulia, kisha kushoto. Huliinua gurudumu moja kwa jeki hadi springi yake ibanwe, kwa kuwa ndivyo gari litakavyokuwa likivuka korongo la mto mkavu kule Tsavo. Huinama na kuchungulia nafasi iliyobaki. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na fundi huyu huinama kila siku.

Hata kufunga kwenyewe kuna adabu. Uso wa habu husuguliwa kwa brashi ya waya kwanza, maana hewa ya chumvi huotesha kutu, na rimu iliyokaa juu ya kutu haikukaa. Mdomo wa tairi hupakwa maji ya sabuni uteleze bila kuchanika. Tairi la tyubu likiwa na karatasi zilizogandishwa ndani, hubanduliwa, kwani zingesugua tyubu hadi itoboke. Na zile rimu za vipande zenye pete ya chuma, ambazo Land Cruiser za kazi nzito bado huzitumia na matairi ya 7.50R16, hupewa heshima ya pekee. Zinapendwa kwa sababu dereva anaweza kuziba pancha porini kwa mitaimbo miwili. Lakini pete isipokaa vizuri kwenye mfuo wake, upepo ukijaa inaweza kuruka na kuua. Fundi mwenye busara huizungushia rimu mnyororo, hulaza pete ikitazama chini, hutumia mpira mrefu wa upepo na kusimama mbali. Kijana anayejifunza huambiwa jambo hili kabla ya jingine lolote.

Nati hukazwa kwa kuruka, moja huku na nyingine upande wa pili, ili rimu ikae sawasawa. Mwenye gari huambiwa arudi baada ya mwendo mfupi zikazwe tena. Huulizwa pia kama spea ina kimo kilekile, maana gari linalovuta kwa magurudumu yote manne likiwa na tairi moja refu kuliko mengine, difu na gia zake hupigana hadi zivunjike.

Mashindano ya magari hupewa sifa nyingi nchini kwetu, na kwa haki. Safari Rally ilianza mwaka 1953, na Rhino Charge imekuwa ikichangisha fedha za kuhifadhi misitu na wanyama tangu mwaka 1989. Huko gari huwa na kundi la mafundi na vifaa kamili. Fundi wa Kengeleni hufanya kazi ya ukoo huohuo kwa mali ambayo hakuichagua, kwa mteja mwenye haraka, na gari likiondoka halirudi na kombe.

Frere Town yenyewe si ngeni kwa mikono yenye ujuzi. Kijiji hiki kilianzishwa na Church Missionary Society mwaka 1875 kwa ajili ya watu waliookolewa utumwani, na miongoni mwa wakazi wake wa mwanzo walikuwemo Waafrika waliokuwa wamelelewa Nasik, India, na kufunzwa uhunzi na useremala. Jina la Kengeleni limetokana na kengele yao. Sidai kwamba mafundi wa leo ni warithi wao kwa damu. Nasema tu kwamba katika ardhi hii, mtu kuishi kwa kazi ya mikono yake ni heshima ya miaka mingi.

Na heshima hiyo hujaribiwa pale mteja anapouliza, “Fundi, hizi zitaingia?” Yupo atakayejibu ndiyo na kupokea pesa. Yupo anayechonga upya meno ya tairi la kipara kwa kisu cha moto ili lionekane lina maisha. Fundi ninayemsifu hujibu: “Kuingia zitaingia, bosi. Kukaa hazitakaa.” Kwa neno hilo amepoteza ujira wa siku, na pengine ameokoa familia iliyokuwa iteremke Mazeras jioni hiyo.

Sisi wateja tumezoea kulipia kazi inayoonekana: tairi limefungwa, nati zimekazwa, toa pesa. Nusu saa ya kusoma, kupima na kupapasa tunaihesabu bure. Kwa desturi hiyo tunamwadhibu mkweli na kumtajirisha anayelazimisha. Kwa hiyo ukifika Kengeleni na rimu ulizozipata kwa bei nzuri, mwachie fundi nafasi ya kukuambia hapana, na akisema hapana, mlipe.