Jedwali la Hofstede halijui kwa nini umenyamaza

Ukisoma utawala au TEHAMA, iwe Iringa, Mbeya au Dar es Salaam, si ajabu ukakutana na jina la Geert Hofstede. Mholanzi huyu alitoa kitabu chake Culture's Consequences mwaka 1980, na tangu hapo kila anayetaka kueleza kwa nini watu wa nchi mbalimbali hawaelewani kazini hukimbilia kwake. Siku hizi jedwali lake limehamia kwenye timu za programu za kompyuta, zile ambazo bosi yuko Oslo au California, mjaribu programu yuko Bangalore na mwandishi wa msimbo amekaa na laptop yake Mlandege. Hapo ndipo linapotuhusu, maana linatumika kutupima sisi.

Kwa kifupi, Hofstede alichukua madodoso zaidi ya 116,000 waliyojaza wafanyakazi wa kampuni ya IBM kati ya 1967 na 1973, akazipa nchi pointi. Kipimo kinachotajwa sana ni umbali wa madaraka, yaani kiasi ambacho watu wa chini wanaona ni kawaida bosi kuwa juu yao. Norway ilipata 31, Marekani 40, Afrika Mashariki 64. Basi mkutano wa mtandaoni unafanyika, Mtanzania hasemi kitu, bosi anafungua jedwali: aa, 64, ndio utamaduni wao. Kesi imefungwa.

Tuanze na nani aliulizwa. Hiyo "Afrika Mashariki" ni Ethiopia, Kenya, Tanzania na Zambia zilizotiwa kwenye kapu moja. Mhehe wa Kilolo, Mnyakyusa wa Tukuyu, Mpemba, Mkikuyu na Mwamhara, wote 64! Na walioulizwa ni waajiriwa wa IBM tu, zaidi ya miaka 50 iliyopita. Mwaka 2002 Brendan McSweeney alichambua takwimu hizo, akaonyesha kwamba Pakistan, kwa mfano, iliwakilishwa na watu 107 tu katika awamu mbili za utafiti. Tumtendee haki Hofstede: yeye mwenyewe alionya kwamba pointi za nchi zisitumike kumpima mtu mmoja mmoja. Pia alikuwa sahihi kukataa dhana kwamba nadharia za uongozi za Marekani zinafaa kila mahali. Tatizo ni kwamba jedwali limesafiri mbali, onyo lake likabaki nyumbani.

Pili, angalia mstari wa Ufaransa katika jedwali hilohilo: 68. Yaani Wafaransa wanatuzidi. Mbona hakuna anayesema Mfaransa hanyanyui mkono kwenye mkutano kwa sababu ya umbali wa madaraka? Kama 64 inaeleza ukimya wetu, 68 ieleze na wa kwao. Kinachofanyika ni kwamba bosi ameshakuwa na jibu kichwani, namba inaletwa kulipamba.

Sasa kama si utamaduni, ni nini? James Herbsleb na Audris Mockus, katika utafiti wao wa 2003, waligundua kuwa kazi ya programu iliyogawanywa kwenye vituo tofauti ilichukua kama mara mbili na nusu ya muda wa kazi ya namna hiyo iliyofanyika sehemu moja. Sababu kubwa ilikuwa kwamba kazi iliyogawanywa inahusisha watu wengi zaidi, na kila mmoja ni wa kutafutwa na kusubiriwa.

Hata wa nchi moja hupotezana. Tarehe 23 Septemba 1999 NASA ilipoteza chombo chake Mars Climate Orbiter. Programu ya kampuni ya Lockheed Martin ilitoa hesabu za nguvu kwa paundi, wenzao wa NASA wakazisoma kama newtoni. Wamarekani kwa Wamarekani, Kiingereza kwa Kiingereza. Anayenunua viazi huku kwetu analijua tatizo hili: ukikubaliana bei ya "gunia" bila kusema ni la kawaida au ni lumbesa, utalia. Hapo dawa ni mizani, wala hakuna haja ya kuulizana kabila.

Turudi kwa Mtanzania aliyenyamaza. Mkutano wa saa tatu asubuhi California ni saa moja au saa mbili usiku kwetu, kutegemea msimu wao. Bando linahesabika. Kiingereza kwake huenda ni lugha ya tatu, na mazungumzo yanakwenda mbio. Zaidi ya yote, uamuzi mara nyingi ulishafanyika ofisini kwao, kwenye kahawa. Aseme nini? Mnorway ukimweka hapo naye atanyamaza.

Mfano wa kinyume tunao: DHIS2, programu ya takwimu za afya inayotumika hapa nchini. Mizizi yake ni Afrika Kusini ya miaka ya 1990, na leo kiini chake kinaratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo. Kwa hesabu ya 31 na 64, Watanzania walitakiwa wawe waitikiaji tu. Lakini HISP Tanzania wametengeneza programu zao zinazofanya kazi juu ya DHIS2, na baadhi zinapatikana kwa nchi nyingine pia. Utamaduni wetu haukubadilika. Msimbo uko wazi, na mtu anaweza kuongeza chake bila kusubiri ruhusa ya Oslo. Kinachoingia kwenye kiini, hicho bado huamuliwa Oslo, na hapo ndipo swali la madaraka linapostahili kuulizwa.

Hatusemi utamaduni si kitu. "Saa mbili" yetu ni saa nane ya mwenzako. "Tutaangalia" yetu mara nyingi ni hapana yenye adabu, na mgeni anaisikia kama ndiyo. Lakini haya ni mambo mahususi, yanafundishika kwa nusu saa: andikeni muda kwa saa 24 na kwa UTC, msiulize "mmeelewa?", ulizeni "utaanzia wapi?". Uamuzi wa mdomo uandikwe kabla ya kuwa uamuzi, na saa mbaya ya mkutano izunguke, isikae kwa mtu mmoja daima.

Ubaya wa jedwali ni kwamba linamwondolea bosi mzigo huu wote, halafu linamwachia kijana wa Mlandege tathmini isemayo "hajitumi". Na akiisoma mara ya tatu, anaanza kuamini. Kwa hiyo ukipangiwa Hofstede darasani, soma, jibu mtihani, faulu. Ila siku ukiambiwa wewe ni 64, omba kwanza waonyeshe kumbukumbu za mkutano: nani alialikwa, saa ngapi, na uamuzi ulifanyika wapi.