'Boda' ni mtu, chombo au ajali?

Majuzi nilimpeleka jirani yangu hospitalini baada ya kugongwa akivuka barabara. Muuguzi akautazama mguu, akaniuliza, "Mzee, huyu ni boda?" Nikamjibu, "La, ni mwalimu mstaafu." Akacheka. "Nauliza ni nini ilimgonga!" Kumbe katika idara ya majeruhi, 'boda' ni aina ya ajali.

Wapo wenzangu wanaodai kwamba kufupisha 'bodaboda' kuwa 'boda' ni kuiharibu lugha. Sikubaliani nao. Neno hilo lilizaliwa Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, miaka ya 1960, waendesha baiskeli walipovusha abiria kutoka boda hadi boda. Anayelifupisha analirudisha lilikotoka. Hadi leo mfanyabiashara wa Busia akisema "nimevuka boda", hazungumzii pikipiki. Naye mwanafunzi akisema "mimi ni boda", anamaanisha kwamba analala bweni. Hilo la bweni lina asili nyingine katika Kiingereza, hivyo ni homonimu tu. Lakini mpaka, chombo, mwendeshaji na ajali ni polisemia: maana moja imeizaa nyingine.

Mbona basi hatupotezani? Upatanisho wa kisarufi hutuokoa. Abiria husema "boda imeharibika" au "boda amechelewa", na hakuna anayekimbilia kamusi. Chombo kiko katika ngeli ya I-ZI, mtu katika A-WA. Vijana wa stejini, tunaowalaumu kila uchao kwa kuvuruga Kiswahili, huifuata kanuni hii bila kufundishwa na yeyote.

Wavurugaji ni sisi tunaoandika. Chukua kichwa cha habari kama 'Boda zaua wawili'. Je, zilijiendesha? Au 'Boda wachoma lori', ilhali waliochoma ni watu watano na wenzao wengi walikuwa wakibeba abiria mtaa wa pili. Upatanisho wa hapo ni sahihi, ila neno limewatia hatiani wasiokuwapo. Mhariri atasema nafasi ni finyu. Sawa, lakini 'waendesha bodaboda watano' haijazi ukurasa.

Kwenye fomu ya jirani yangu, sehemu ya chanzo cha jeraha, muuguzi alikuwa ameandika neno moja: 'boda'. Nilimsihi aongeze 'aligongwa na' kabla karatasi hiyo haijafika kwa watu wa bima.