Tangi la Tanganyika: Nani Akae na Nani

Mtu akikuonyesha tangi la samaki wa mapambo na kujisifu kwamba lina aina kumi na tano, usianze kuhesabu. Tazama pembe za juu, nyuma ya hita, na karibu na bomba la kichujio. Ukimkuta samaki amejibana hapo, mapezi kayakunja na mkia umechanika, tangi hilo limekosewa, hata kama maji yanang'aa na wengine wote wanameremeta. Aliyejibana hakwenda kupumzika. Kafukuzwa kila mahali, na hapo ndipo palipobaki.

Nitazungumzia samaki wa Ziwa Tanganyika kwa sababu hawasamehi uchaguzi mbaya. Ziwa hilo lina umri wa mamilioni ya miaka, kina chake kinafika mita 1,470, na ndani yake wamo samaki wa aina zaidi ya 200 wa ukoo wa perege na furu, ukoo ambao wataalamu wanauita sikilidi. Karibu aina zote hizo hazipatikani penginepo duniani. Wafugaji wa Ujerumani na Marekani wanazitafuta kwa udi na uvumba, na huzitofautisha kwa majina ya mahali zilikovuliwa: Kigoma, Ikola, Kipili. Yuko mfugaji wa Ulaya anayeweza kukueleza rangi ya samaki wa Ikola ilivyo, wala hajui Ikola iko mkoa gani.

Mchujo wa kwanza ni maji. Maji ya Tanganyika ni magumu na yana alkali, pH yake ikiwa kati ya 8.6 na 9 hivi, na joto la juu ya ziwa ni nyuzi 24 hadi 27 za Selsiasi. Hapo hapo umeshawaondoa neoni na diskasi wa Amazon, waliozoea maji laini yenye asidi. Wanaweza kuishi siku kadhaa katika maji ya namna hii, na muuzaji atakuapia kwamba hawana shida, lakini kuishi siku kadhaa si kukaa. Kwa wenye matangi ya pwani, vipande vya jiwe la matumbawe la kujengea husaidia kuizuia pH isishuke. Chukua vya machimboni, usiende kuvunja matumbawe hai baharini. Jambo jingine ambalo wengi hawaambiwi: amonia, ile sumu inayotokana na kinyesi na chakula kilichooza, huwa kali zaidi kadiri pH inavyopanda. Kwa hiyo tangi jipya la Tanganyika liendeshwe bila samaki wiki nne hadi sita, kichujio kikifanya kazi na kikilishwa amonia kidogo kidogo, mpaka bakteria wa kuivunja sumu hiyo wawe wamejijenga. Anayejaza samaki siku ya kwanza, usijisumbue kukagua uchaguzi wake.

Mchujo wa pili ni mahali pa kukaa, na hapo ndipo penye ufundi wenyewe. Ziwani kila samaki ana pake: kuna wa miambani, wa mchangani, wanaoishi ndani ya magamba matupu ya konokono, na wanaoelea maji ya wazi. Tangi zuri la mchanganyiko ni kama nyumba ya kupanga yenye ua mmoja. Wapangaji hawahitaji kupendana, wanahitaji kila mmoja awe na mlango wake. Ndiyo maana urefu wa tangi una thamani kuliko kimo chake. Tangi la sentimita 120, lenye lita 200 hivi, linakupa ncha mbili zinazoweza kugawanywa. Tangi refu la kwenda juu lenye ujazo uleule linapendeza sebuleni, lakini sakafu yake ni ndogo, na ugomvi wa sikilidi wengi huanzia sakafuni.

Hebu tulijaze hilo la sentimita 120. Ncha moja, mchanga mlaini wa kina cha kutosha na rundo la magamba. Hapo weka kikundi cha Neolamprologus multifasciatus, vidubwasha ambavyo dume lao halizidi sana sentimita nne, miongoni mwa sikilidi wadogo kuliko wote. Ziwani hutumia magamba ya konokono aitwaye Neothauma. Nyumbani, gamba lolote la konokono lenye mdomo wa kumtosha litafaa. Watachimba mchanga kwa midomo usiku na mchana, wazike magamba, wafukue, wahamishe vilima vizima. Ukipanda majani ya mapambo hapo, yatang'olewa. Ncha ya pili, mawe yaliyopangwa yakaacha nyufa, kwa ajili ya Julidochromis wawili, dume na jike waliochaguana wenyewe. Juu, katika maji ya wazi, kundi la Cyprichromis leptosoma kumi au kumi na wawili, wembamba, madume yakiwa na mikia ya manjano au buluu. Hawa wa juu hawana habari na sakafu hata kidogo. Lakini wakishtuka wanaruka, kwa hiyo mfuniko si wa hiari.

Aina tatu tu, na tangi limejaa. Mtu mwenye pupa ataona pana nafasi bado. Pale katikati, baina ya mawe na magamba, ndipo mpaka ulipo. Ukiweka hapo wa nne anayetaka sakafu, umefuta mpaka.

Sasa tumbo. Hili ndilo wauzaji wasilolitaja, nami nalipa uzito kuliko rangi na ukubwa. Mchukue Tropheus, yule ambaye George Albert Boulenger alimwandika kitaalamu mwaka 1898 na kuipa aina yake mojawapo jina la Moore aliyeikusanya ziwani. Ni samaki wa kuvutia mno, ana juhudi, hana woga, na vifaranga wa Tropheus duboisi, weusi wenye madoa meupe, wanaweza kukutoa fedha mfukoni kabla hujafikiri. Lakini Tropheus ni mla mwani. Kutwa nzima anakwangua mawe, na utumbo wake ni mrefu mara kadhaa kuliko mwili, kama ilivyo kwa walaji wa majani. Mpe moyo wa ng'ombe au mafunza ya kugandishwa mara kwa mara, tumbo litavimba, ataacha kula, na ugonjwa huo ukiingia kundini huzoa wengi. Halafu mtazame Altolamprologus calvus, bapa kama kisu, mwenye mdomo wa kuchomoa vikamba katika nyufa za mawe. Huyu anataka nyama, tena anakula polepole. Ukiwaweka pamoja, ama unamlisha Tropheus kitakachomwua, ama Altolamprologus anakonda huku chakula kikigombaniwa mbele yake na wenye mbio. Maji yao ni mamoja, ziwa lao ni moja, na bado hawakai pamoja. Tropheus ana tangi lake, kubwa, kundi la kumi na watano au zaidi ili ukali wa dume kubwa usiangukie mgongo mmoja.

Kwa hiyo ukitaka kupima tangi la mtu, omba kuliona wakati wa kulisha. Wa juu wale juu, wa mchangani waokote kilichozama, na wa miambani wasilazimike kuvuka eneo la mwingine kutafuta riziki.

Ukubwa ni suala jepesi, ila watu hulisahau kwa sababu dukani wote ni wadogo. Cyphotilapia, yule wa kibyongo mwenye mistari mipana, anauzwa akiwa sentimita sita na anafika thelathini. Ziwani huwavizia Cyprichromis alfajiri, kabla mwanga haujawachangamsha. Atafanya vivyo hivyo sebuleni kwako.

Uzazi nao huvuruga hesabu nzuri. Neolamprologus brichardi ni mpole akiwa peke yake, na mapezi yake marefu ni mapambo kweli. Lakini watoto wakubwa hubaki na kuwalinda wadogo zao, ukoo unakua, na polepole wageni wote wanasukumwa juu kwenye ile pembe ya hita. Mpe tangi lake peke yake, ufaidi. Usichanganye pia aina mbili za Julidochromis, maana huzaliana wao kwa wao na kukuachia vifaranga wasio na jina. Ama yule gogogo mwenye madoa, Synodontis multipunctatus, anayechomeka mayai yake kwa samaki wanaoatamia mdomoni ili wamlelee, huyo ni wa kumfurahisha aliyekwisha kuzoea, si wa tangi la kwanza.

Dukani, mtazame samaki kwa utulivu kabla ya kuuliza bei. Tumbo lisibonyee wala lisivimbe. Matamvua yapige kwa mwendo mmoja na ya mwenzake wa tangi hilohilo. Kinyesi cheupe chenye kuning'inia kama uzi ni sababu ya kuondoka. Mwombe muuzaji awalishe ukiwa umesimama hapo. Akikataa, nawe kataa. Samaki wanaotaka mwenza, nunua sita wachanga, uwaache wakue na kuchaguana, kisha uwatoe waliobaki mara tu wawili hao wanapoanza kufukuza. Usingoje mpaka mikia ichanike. Na uwe umeshapata pa kuwapeleka wale wanne kabla hujawalipia.